Mbegu Haileti Maji

Tarehe 3 Oktoba 2022, Baraza la Mawaziri la Kenya liliondoa katazo la mazao yaliyobadilishwa jeni (GMO) lililokuwapo tangu Novemba 2012. Kesi zikafunguliwa mahakamani na mvutano ukaendelea, lakini kwa upande huu wa mlima Kilimanjaro tangazo lenyewe lilitosha. Mkuu, makao makuu ya Wilaya ya Rombo, haiko mbali na Tarakea, na Tarakea inatazamana na Loitokitok, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Habari za mbegu huvuka mpaka huo kabla ya mbegu zenyewe. Tangu hapo hoja moja imepata nguvu mpya katika semina, katika maduka ya pembejeo na katika mazungumzo ya wasomi wa kilimo: Tanzania inabaki nyuma kwa sababu imeikataa GMO.

Hoja hiyo inastahili kuelezwa kwa haki. Inasema hivi: mkulima wa Tanzania anavuna takriban tani 2 za mahindi kwa hekta, wakati Mmarekani anavuna zaidi ya tani 10. Mmarekani analima GMO, Mtanzania halimi. Mvua hazitabiriki tena, viwavijeshi vamizi wameingia nchini tangu 2017, na kihamba, shamba la ukoo mlimani, kinagawanywa kila kizazi hadi kubaki robo ekari. Sayansi imekwisha kupata mahindi yanayostahimili ukame, na mengine yanayomuua bungua, mdudu atoboaye bua, bila mkulima kubeba bomba la dawa mgongoni. Kwa hiyo anayeikataa mbegu hiyo kwa hofu ya sumu na saratani anamwadhibu maskini kwa ajili ya uvumi.

Makala haya hayatautetea uvumi. Mahindi ya GMO yamelimwa na kuliwa tangu miaka ya 1990, na ule utafiti wa panya wa Gilles-Éric Séralini uliochangia katazo la Kenya ulifutwa mwaka 2013 na jarida lilelile lililouchapisha. Kosa la hoja hii halimo kwenye afya ya mlaji. Limo katika imani kwamba tija ya mkulima imefungiwa ndani ya mbegu, na kwamba jeni ikibadilishwa, mavuno yatafuata. Imani hiyo haistahimili hata safari fupi ya kuteremka kutoka Rombo hadi tambarare za Moshi.

1. Mfano wa Marekani unathibitisha kitu kingine

Ufaransa ilipiga marufuku kilimo cha mahindi ya GMO aina ya MON810 mwaka 2008. Mkulima wake wa mahindi huvuna takriban tani 9 kwa hekta, na katika mwaka mzuri huzidi hapo. Kama GMO ndiyo inayotenganisha tani 2 na tani 10, Ufaransa ingepaswa kuwa karibu na Rombo. Haiko karibu. Mkulima wa Ufaransa na Mmarekani wanafanana katika mambo mengine: mbolea ya kutosha, maji pale mvua inapopungua, zana, mikopo, bima, barabara inayofika shambani na soko linalolipa. Mbegu ya GMO iliwekwa juu ya mfumo ambao tayari ulikuwa ukivuna sana. Kuichomoa mbegu peke yake kutoka katika mfumo huo na kuiita chanzo cha mavuno ni kumpa mkulima hesabu yenye tarakimu moja na kumficha zilizobaki.

Kwa Tanzania, tarakimu zilizobaki ndizo zinazouma. Azimio la Abuja la mwaka 2006 lilizitaka nchi za Afrika zifikie kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015, lakini Tanzania haikufika. Mwaka 2022 mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 ulipita shilingi 100,000, na serikali ikalazimika kurudisha ruzuku. Mahindi yaliyopandwa katika udongo uliochoka hubaki ya njano na mafupi, yawe na jeni ya maabara au yasiwe nayo.

2. Shida ya ukame ni maji

Anayetaka kuona mbegu bora inaweza kufanya nini, na inashindwa wapi, aende Mabogini na Chekereni, kusini mwa mji wa Moshi. Huko ndiko uliko mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Ulipangwa kwa hekta 2,300, kati yake 1,100 zikiwa za mpunga. Wakulima walipewa mbegu ya IR54, iliyotoka katika taasisi ya utafiti wa mpunga ya IRRI nchini Ufilipino na kuzalishwa kwa njia za kawaida za kuchanganya mimea. Walipata pia mbolea, matrekta, maofisa ugani waliokuwa wakifika majarubani, na mifereji iliyosakafiwa. Mavuno yaliyokuwa tani 2 hivi kwa hekta yakapanda hadi tani 6.

Tani 6 kwa hekta, kwa wakulima wadogo, miaka ya 1980, bila jeni yoyote ya kuhamishwa. Hakuna anayeipigia debe GMO leo anayeahidi ongezeko kama hilo hapa nchini.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kusomwa kwa makini. Faida ya mpunga ilionekana na kila jirani. Wakulima walio juu ya mradi, ambao hawakuwamo kwenye mpango, nao wakachimba majaruba na kuchota maji yaleyale ya mto Rau na ya Njoro. Kila jaruba jipya huko juu lilipunguza maji ya banio la chini. Baada ya miaka michache sehemu kubwa ya eneo lililojengwa kwa fedha nyingi ilikosa maji ya kulima mpunga, huku mpunga ukistawi nje ya mipaka ya mradi. Mbegu haikuwa imebadilika. IR54 ilikuwa ileile, na mkulima alikuwa yuleyule. Maji yalipungua, na hayakuwapo makubaliano yanayoheshimiwa kuhusu nani afungue banio siku gani. Chini zaidi, bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960 lilikuwa nalo likiyadai maji hayohayo kwa ajili ya umeme. Mwaka 1991 ilianzishwa ofisi ya Bonde la Pangani kusimamia matumizi ya maji, na madai ya pande hizo yameendelea kugongana.

Wazee wa mlimani walilijua tatizo hili zamani. Mifongo ya Wachagga, iliyoteremsha maji kutoka korongo hadi kihamba, haikudumu kwa sababu ya ustadi wa kuchimba tu. Ilidumu kwa sababu kila mfongo ulikuwa na zamu, na msimamizi wake, na siku ya kazi ya kuuzibua, na adhabu kwa aliyeiba maji usiku. Mifongo mingi leo imekauka au imebomoka. Rombo, iliyo upande mkavu zaidi wa mlima na isiyo na mito mingi ya kudumu, imeumizwa na hali hiyo kuliko wilaya jirani. Mkulima wa Mkuu mwenye shamba la mahindi huko chini nyikani hupanda kwa kubahatisha mvua. Anapoambiwa kuwa dawa yake ni jeni, anayemwambia ameliacha kando swali la mfongo, la bwawa dogo, la kisima na la kuvuna maji ya mvua.

Na jeni yenyewe ya ukame je? MON87460, iliyoletwa Afrika kupitia WEMA, mradi wa mahindi yanayovumilia ukame, inalisaidia hindi lisipoteze mavuno mengi pale ukame unapokuwa wa wastani. Haistawishi mahindi pasipo mvua. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipoiruhusu mwaka 2011 ilikiri katika tathmini yake kwamba zipo mbegu za kawaida zenye ustahimilivu unaolingana nayo. Mwaka 2019 Waziri wa Kilimo wa Afrika Kusini, Thoko Didiza, aliikataa rufaa ya Monsanto iliyotaka kuingiza sokoni mahindi yenye jeni hiyo ikiwa imeunganishwa na nyingine. Takwimu za majaribio hazikuthibitisha vya kutosha kwamba yangemfaa mkulima wakati wa ukame. Afrika Kusini hailiogopi jina la GMO. Imeilima tangu miaka ya 1990.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi hulipita haraka. Mradi huohuo wa WEMA ulizalisha pia mahindi chotara ya kawaida yanayovumilia ukame, na hayo ndiyo yaliyoidhinishwa Tanzania na kuanza kuwafikia wakulima. Mradi uliosifiwa kwa jeni ulizaa matunda kwa njia ya kawaida.

3. Mdudu naye hujifunza

Ahadi ya pili ni ya mahindi ya Bt, yenye jeni ya bakteria inayotengeneza protini ya kumuua bungua. Mwanzoni hufanya kazi kweli. Afrika Kusini ilianza kuyalima mwaka 1998, na kufikia 2007 watafiti walikuwa wameripoti bungua wasiokufa tena kwa kula MON810. Katika kisiwa cha Puerto Rico, kiwavijeshi vamizi, huyuhuyu anayetafuna mahindi ya Rombo, aliyashinda mahindi mengine ya Bt haraka kiasi kwamba mbegu hiyo iliondolewa sokoni kisiwani humo baada ya msimu wa 2006.

Ili kuchelewesha usugu huo, kanuni inamtaka mkulima atenge sehemu ya shamba apande mahindi yasiyo na Bt, wadudu wasio sugu wazaliane hapo. Afrika Kusini iliweka asilimia 5 ikiwa sehemu hiyo haipuliziwi dawa, asilimia 20 ikiwa inapuliziwa. Mwenye hekta 500 anaweza kuitii kanuni hiyo. Mama wa Rombo mwenye nusu ekari, aliyebana fedha ya ada ya shule akanunua mbegu ya bei ya juu, anaambiwa aachie wadudu kipande cha chakula cha wanawe. Hataachia, na hakuna ofisa ugani wa kumfuatilia. Usugu utakuja, halafu atauziwa mbegu nyingine yenye jeni mbili, kisha yenye jeni tatu. Hiyo ndiyo gharama isiyoandikwa kwenye pakiti.

Kinachosikitisha ni kwamba njia inayomfaa zaidi mkulima wa mlimani ipo na inajulikana. Taasisi ya ICIPE ya Nairobi, kupitia kituo chake cha Mbita kando ya Ziwa Victoria, imekuwa ikieneza tangu miaka ya 1990 kilimo cha kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya tembo pembeni mwa shamba. Desmodiamu humfukuza bungua na kurutubisha udongo. Majani ya tembo humvuta atoke kwenye mahindi. Vyote viwili ni malisho. Kilimanjaro ni mkoa ambao ng'ombe hufugwa zizini kihambani, na wanawake hubeba mizigo ya majani kichwani kutoka tambarare hadi juu. Njia inayopunguza mdudu na kuleta majani karibu na zizi ilipaswa kufundishwa katika kila kata. Haina kampuni ya kuitangaza, kwa sababu mkulima akishaipanda, hakuna cha kumuuzia kila msimu.

4. Mavuno mazuri yasiyolipa

Hapa ndipo hoja inapovunjika kabisa, na Kilimanjaro ni shahidi mkubwa.

Kituo cha utafiti cha Lyamungu, wilayani Hai, kimefanya kazi ya kahawa tangu miaka ya 1930. Tangu 2001 kiko chini ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa nchini, na watafiti wake wametoa miche ya Arabika yenye ukinzani dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili yaliyomfanya mkulima apulizie dawa mwaka hadi mwaka hadi faida ikaisha. Miche hiyo ilipatikana kwa kuchavusha na kuchagua kwa miaka mingi, na huzalishwa kwa vikonyo. Mbegu bora kwa zao kuu la mkoa tunayo. Je, kahawa ya Kilimanjaro imerudi ilipokuwa enzi za nguvu za chama cha ushirika cha KNCU? Haijarudi. Mikahawa iling'olewa vihambani, na wengi walioing'oa walipanda migomba, nyanya na mahindi.

Sababu inajulikana. Mkataba wa kimataifa wa kahawa uliokuwa ukishikilia bei ulivunjika Julai 1989. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na mkopo wa pembejeo uliopitia ushirika, uliokatwa kwenye mauzo, ukapoteza mhimili wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ilianguka vibaya. Vijana walioona baba zao wakipokea malipo yasiyofika gharama ya dawa walikwenda Arusha, Dar es Salaam na Nairobi. Leo mche wenye ukinzani upo Lyamungu, na kijana wa kuupanda hayupo kijijini.

Afrika Kusini ilikuwa na mkasa unaofanana, na huo ulikuwa wa GMO yenyewe. Kwenye tambarare za Makhathini, KwaZulu-Natal, wakulima wadogo walianza kulima pamba ya Bt mwaka 1998, na katika misimu michache karibu wote walikuwa wameipokea. Makhathini ikawa mfano wa kuonyeshwa kwa wageni kutoka Afrika nzima. Uti wake wa mgongo ulikuwa kampuni moja, Vunisa, iliyokopesha pembejeo na kununua pamba. Ilipoingia kampuni nyingine ya kuchambua pamba, wakulima waliiuzia hiyo na madeni ya Vunisa yakabaki bila kulipwa. Vunisa ikasimamisha mikopo, na kilimo cha pamba kikaporomoka. Jeni ilikuwa bado imo ndani ya mbegu. Mkulima hakuwa na fedha ya kuinunua.

Burkina Faso nayo ilianza pamba ya Bt kibiashara mwaka 2008 na kuamua kuiacha mwaka 2016, kwa sababu nyuzi zake zilikuwa fupi na pamba ikapoteza sifa na bei sokoni. Wadudu walipungua, mavuno yalikuwapo, na bado nchi ilipata hasara.

5. Gunia lililokwama mpakani

Hasara nyingine huja baada ya kuvuna. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Sababu iliyotajwa ilikuwa sumukuvu. Zuio lenyewe liliondolewa kwa masharti baada ya siku chache, lakini malori yalikuwa yamekwisha kukwama na wafanyabiashara wameumia. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2016, watu karibu 20 walikufa katika mikoa ya kati ya Tanzania kwa chakula chenye sumukuvu. Ukungu unaotoa sumu hiyo hushamiri mahindi yasipokauka vizuri, yakilundikwa sakafuni, yakihifadhiwa kwenye unyevu. Turubai la kuanikia, kipimo cha unyevu, mifuko isiyopitisha hewa na ghala lenye paa zima vingemwongezea mkulima wa Rombo kipato mwaka huuhuu. Havihitaji sheria mpya wala hataza ya mtu.

6. Katazo la 2018 na tija ya 1998

Watetezi wa GMO hukilaumu zaidi kilichotokea Makutupora, Dodoma. Kanuni za usalama wa bioteknolojia zilizowekwa 2009 zililegezwa 2015, na Oktoba 2016 mahindi ya WEMA yakapandwa kwa majaribio katika shamba lililozungushiwa uzio. Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo, Mathew Mtigumwe, aliagiza majaribio yasimamishwe na masalia yateketezwe. Januari 2021 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, ambaye ni mbunge wa Rombo, alitangaza kuwa serikali imeyafuta majaribio hayo.

Kusimamisha majaribio na kuteketeza masalia yake lilikuwa kosa, na hoja ya kuruhusu utafiti wa umma ndani ya taasisi za umma ina haki yake. Ila haina uhusiano na inachodaiwa kueleza. Mahindi ya Tanzania yalikuwa yakitoa mavuno kidogo miaka ya 1980 na miaka ya 1990, kabla majaribio ya Makutupora hayajasikika kwa yeyote. Katazo la 2018 haliwezi kuwa chanzo cha mavuno hafifu ya 1998.

Tena si kweli kwamba bila uhandisi jeni utafiti umesimama. Mwaka 2021 aina nne za migomba, TARIBAN 1 hadi 4, ziliidhinishwa nchini baada ya kuzalishwa kwa kuchanganya migomba ya kawaida, kazi ngumu kwa mmea usiotoa mbegu kwa urahisi. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Uganda imekuwa na mgomba wa GMO wa kukinza mnyauko katika kituo cha Kawanda tangu majaribio ya 2010, na sheria ya kuuachia ilirudishwa bungeni na Rais Museveni zaidi ya mara moja. Wakati wote huo, wakulima walioukabili ugonjwa huo waliupunguza kwa kukata ua dume kwa mti wenye panda, kung'oa shina linaloumwa na kulisafisha panga kwa dawa ya kuua vijidudu. Kazi hiyo inamhitaji ofisa ugani anayefika shambani, mwenye pikipiki na mafuta ya kuiendesha.

Nani basi ananufaika na imani hii? Kila mwenye deni kwa mkulima. Halmashauri ambayo haijazibua mfongo, wizara ambayo haijamleta ofisa ugani, ushirika uliochelewesha malipo na mnunuzi anayelazimisha lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, wote hupata nafuu siku mkulima anapoaminishwa kuwa umaskini wake umo ndani ya punje ya mahindi.

Kwa hiyo mtu wa Mkuu, atakapokuja mgeni na ahadi ya mbegu itakayoinua tija, amuulize kwanza maji yatatoka wapi, nani atanunua mavuno na kwa bei gani, mahindi yatakaushwa na kuhifadhiwa wapi, na mbegu ya msimu wa tatu itagharimu kiasi gani. Maswali hayohayo apelekewe diwani wake na mbunge wake kabla bajeti ya wilaya haijapitishwa, na majibu yaandikwe kwenye bajeti hiyo.